Ukisukuma, Nawe Unasukumwa

Ndugu msomaji, kabla ya kuendelea kusoma, fanya jambo moja dogo. Simama mbele ya ukuta imara, karibu kiasi cha kuufikia kwa mikono. Weka miguu yako pamoja. Sasa usukume ukuta kwa viganja vyako, kwa nguvu na kwa ghafla.

Umeona nini? Ukuta haukwenda popote. Wewe ndiye uliyerudi nyuma. Pengine ulitaka hata kuanguka.

Hapa pana jambo la kujiuliza. Wewe ulisukuma kwenda mbele. Mbona mwili wako umekwenda nyuma? Ni nani aliyekusukuma? Hapakuwa na mtu mbele yako. Palikuwa na ukuta tu.

Basi aliyekusukuma ni ukuta. Ulipousukuma, nao ulikusukuma wewe.

Watu wengi wakiambiwa hivyo hucheka. Husema, "Ukuta hauna mikono. Utanisukumaje?" Ni kweli, ukuta hauna mikono wala hauna nia. Lakini kusukuma hakuhitaji mikono. Kitanda kinakusukuma juu usiku kucha, ndiyo maana huanguki chini. Kigoda kinakusukuma juu unapokaa. Mpini wa jembe huyasukuma matumbo ya viganja vyako unapolima, ndiyo maana hutoka malengelenge. Kama mpini usingekusukuma, malengelenge yangetoka wapi?

Katika somo hili tutajifunza kanuni inayoeleza mambo hayo. Tutaona pia jinsi kanuni hiyo inavyoweza kutuokoa tusidhurike ziwani, baharini na kisimani.

KANUNI YENYEWE

Mtu aliyeiandika kanuni hii vizuri aliitwa Isaac Newton. Alizaliwa Uingereza mwaka 1642, kwa kalenda iliyotumika kwao siku zile. Baba yake alikuwa mkulima, naye alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake alitaka Newton awe mkulima pia, lakini kijana huyo alipenda zaidi vitabu. Akarudishwa shuleni. Mwaka 1687 alitoa kitabu kikubwa kinachoeleza jinsi vitu vinavyokwenda na vinavyosimama. Ndani yake mna kanuni tatu za mwendo. Hii tunayojifunza leo ni ya tatu.

Kanuni inasema hivi: kila kitu kinachosukuma kitu kingine, nacho husukumwa na kile kingine, kwa nguvu ile ile, kuelekea upande wa pili. Na kila kinachovuta, nacho huvutwa vivyo hivyo.

Newton alitoa mifano ambayo hata mtu wa kijijini angeitoa. Alieleza kwamba mtu akilibonyeza jiwe kwa kidole, kidole chake nacho hubonyezwa na jiwe. Tena farasi akivuta jiwe kwa kamba, naye huvutwa kurudi kwenye jiwe.

Angalia maneno mawili katika kanuni: nguvu ile ile. Si nguvu ndogo kidogo, wala si nguvu kubwa zaidi. Ni sawasawa kabisa. Je, tunaweza kuhakikisha?

Tunaweza. Tafuta mizani mbili za kuning'iniza, zile zenye ndoana na mshale, kama zinazotumika kupimia watoto wachanga kliniki. Ziunganishe kwa ndoana zake. Wewe ushike moja, mwenzako ashike ya pili. Vutaneni. Mizani yako ikionyesha kilo 5, na ya mwenzako itaonyesha kilo 5. Ikionyesha 10, na yake itaonyesha 10. Hata mmoja wenu akiwa na nguvu nyingi kumshinda mwenzake, mizani zitaonyesha sawa.

Sasa mwenzako aiache mizani yake, muifunge kwenye mti. Vuta tena peke yako. Mizani bado zinaonyesha sawa. Basi mti nao unakuvuta, ingawa umesimama kimya.

Tunajifunza jambo jingine pia. Huwezi kukisukuma kwa nguvu kitu ambacho hakikurudishii nguvu. Piga ngumi kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Utaona ngumi yako haina kazi. Kanga inakwepa, haikurudishii nguvu, na wewe huwezi kuipiga kwa nguvu. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Walikuwa wanafundisha ushirikiano. Lakini hata kwa chawa mwenyewe methali ni ya kweli. Ukimsukuma kwa kidole kimoja, anasogea tu. Ukimbana kati ya kucha mbili, hana pa kwenda.

NGUVU SAWA, MATOKEO MBALIMBALI

Mtu anaweza kuuliza: "Kama nguvu ni sawa, mbona nikigonga yai kwenye ukingo wa sufuria, yai linavunjika na sufuria haivunjiki?"

Ni swali zuri. Sufuria imelipiga yai, na yai limeipiga sufuria, kwa nguvu ile ile. Lakini ganda la yai ni dhaifu, na sufuria ni ngumu. Nguvu ni sawa, ila vitu havikuwa sawa.

Vivyo hivyo kwa kitu kizito na kitu chepesi. Unaporuka juu, miguu yako inaisukuma dunia chini. Dunia nayo inakusukuma wewe juu, kwa nguvu ile ile. Wewe una kilo 60 au 70, kwa hiyo unaruka. Dunia ni nzito mno, kwa hiyo hatuioni ikisogea hata kidogo.

Kumbuka hilo. Nguvu ni sawa, lakini kilicho chepesi ndicho kinachokwenda mbali.

TUNAVYOTEMBEA

Watu wengi hudhani kwamba miguu ndiyo inayotupeleka mbele. Lakini tazama vizuri unapotembea. Mguu wako unaisukuma ardhi kwenda nyuma. Ardhi nayo inausukuma mguu wako kwenda mbele. Ni ardhi inayokupeleka mbele.

Kama huamini, kumbuka njia ya utelezi siku ya mvua. Miguu yako ni ile ile, na nguvu zako ni zile zile. Lakini hutembei vizuri, na pengine unaanguka. Kwa nini? Kwa sababu unyayo unateleza kwenye tope, hauwezi kuisukuma ardhi nyuma. Na usipoisukuma ardhi, ardhi nayo haikusukumi mbele.

Kinachozuia unyayo usiteleze huitwa msuguano. Msuguano ni kule kukwaruzana na kushikana kwa vitu viwili vinavyogusana. Kwenye ardhi kavu msuguano ni mwingi. Kwenye tope ni mdogo.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Magurudumu yanaisukuma barabara nyuma, na barabara inalisukuma gari mbele. Gari likikwama kwenye tope, magurudumu huzunguka bure. Hapo kuongeza moto si dawa. Dawa ni kuyapa magurudumu kitu cha kusukuma: changarawe, matawi ya miti, au mawe madogo. Lakini asisimame mtu nyuma ya gurudumu linalozunguka. Gurudumu likisukuma mawe nyuma, mawe hayo huruka na yanaweza kumuumiza mtu.

MTUMBWI UNAPOFIKA PWANI

Mvuvi akitumia upondo, anausukuma chini ya maji, kuelekea nyuma. Ardhi iliyo chini ya maji inamrudishia nguvu, na mtumbwi unakwenda mbele. Akitumia kafi, anayasukuma maji nyuma, na maji yanamsukuma yeye mbele. Kazi hiyo kila mvuvi anaijua. Mikono yake ilijifunza kanuni hii kabla ya kuisoma kitabuni.

Lakini kanuni hiyo hiyo inaleta hatari wakati wa kushuka.

Fikiri abiria aliyesimama kwenye mtumbwi mdogo. Mtumbwi umefika karibu na gati, imebaki hatua moja tu. Abiria anaona ni karibu, anaruka. Lakini ili aruke kwenda mbele, lazima miguu yake iusukume mtumbwi kwenda nyuma. Mtumbwi umeelea, hakuna kinachoushika. Unarudi nyuma mara moja. Ile hatua moja inakuwa hatua mbili. Abiria anaangukia majini, kati ya mtumbwi na gati.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme abiria ana kilo 60, na mtumbwi una kilo 30, na hakuna mtu mwingine ndani yake. Kama maji yasingeuzuia mtumbwi, ungerudi nyuma kwa mwendo mara mbili ya mwendo wa abiria. Mtumbwi ukiwa na kilo 60, wangekwenda kwa mwendo sawa, mmoja huku na mwingine kule. Lakini jahazi kubwa lililojaa mizigo ni zito, kwa hiyo halisogei sana. Ndiyo maana mtu aliyezoea kushuka kutoka jahazini anaweza kudanganyika siku anaposhuka kutoka mtumbwini.

Kinga yake ni rahisi. Kwanza, mtumbwi ufungwe kwa kamba kabla mtu hajashuka. Kama hakuna pa kufunga, mtu mmoja ashuke kwenye maji mafupi aushike. Pili, abiria asiruke. Ashuke pole pole, huku ameshika kitu kilicho imara nchi kavu. Tatu, mama mwenye mtoto mgongoni asishuke kabla ya mtumbwi kushikwa. Kamba moja fupi inaweza kuokoa watu wawili.

KAMBA YA KISIMA

Sasa twende kisimani. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji, maji peke yake yana uzito wa kilo 20. Ndoo yenyewe inaongeza kidogo. Unapoivuta kwa kamba, unaivuta ndoo juu. Je, ndoo inakuvuta wapi? Inakuvuta chini, kuelekea kisimani, kwa nguvu ile ile.

Watu wengi huiangalia ndoo tu. Hawakumbuki kwamba wao wenyewe wanavutwa. Mtu akiinama juu ya kisima na kuvuta, ni kama mtu mwingine yumo kisimani akimvuta kwa mikono. Ardhi ikiwa na utelezi kwa sababu ya maji yaliyomwagika, miguu haishiki. Udongo wa kando ya kisima ukiwa laini, unabeba uzito wa mtu pamoja na uzito wa ndoo, na unaweza kubomoka.

Kwa hiyo kisima kinachotekwa kwa kamba kiwe na ukingo imara wa mawe au matofali. Pembeni pawe na sakafu ya saruji isiyo laini sana, yenye mtelemko wa kuondoa maji. Ukingo unakuzuia usivutwe ndani. Sakafu kavu inaipa miguu yako msuguano. Mtu asiifunge kamba kiunoni wala kuizungusha mkononi, maana ndoo ikimponyoka atavutwa pamoja nayo.

Vijiji vingine huweka nguzo mbili na mti wa juu, na kutundika kapi. Kapi ni gurudumu dogo lenye mfereji wa kupitisha kamba. Hilo ni jambo zuri. Ukitumia kapi, unaivuta kamba chini, nayo inakuvuta wewe juu. Haikuvuti tena kuelekea kisimani, na huna haja ya kuinama.

Lakini yako mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni mti wa juu. Fundi anaweza kusema, "Ndoo ni kilo 20, basi nitatafuta mti wa kubeba kilo 20." Atakosea. Upande mmoja wa kapi, ndoo inavuta chini kilo 20. Upande wa pili, wewe unavuta chini kwa nguvu kama ya kilo 20. Kwa hiyo mti unabeba kilo 40, na zaidi ya hapo kama unavuta kwa kushtua. Mti uwe imara kupita hesabu hiyo, na uchunguzwe mara kwa mara kama umeliwa na mchwa.

La pili ni watoto. Kamba ya kapi inamvuta juu yule anayeivuta. Mtoto wa kilo 18 hawezi kuinua ndoo ya kilo 20 kwa kapi ya namna hii, hata akining'inia. Ndoo hiyo ikiwa juu kisha akabaki ameishika peke yake, itashuka, na yeye ndiye atakayeinuliwa. Watoto wateke kwa ndoo ndogo, tena wawepo wakubwa.

HOJA YA PUNDA

Kuna kitendawili kimoja ambacho wanafunzi wa sayansi hubishana juu yake. Tukiweke kama hadithi.

Punda alifungwa kwenye gari lenye mizigo. Akagoma. Akamwambia mwenyewe, "Bwana, wewe umesema kwamba nikilivuta gari, gari nalo linanivuta kwa nguvu ile ile. Basi nguvu zangu na nguvu za gari ni sawa. Hatutakwenda popote. Kwa nini nijisumbue?"

Je, ungemjibu nini? Fikiri kidogo kabla ya kuendelea.

Jibu ni hili. Punda amezichanganya nguvu mbili ambazo haziangukii kitu kimoja. Nguvu ya punda inaliangukia gari. Nguvu ya gari inamwangukia punda. Ukitaka kujua kama gari litakwenda, hesabu nguvu zinazoliangukia gari tu. Punda analivuta mbele. Msuguano wa magurudumu na ardhi, na wa ekseli, unalizuia. Punda akivuta kwa nguvu iliyoushinda msuguano huo, gari litaanza kwenda.

Na punda je? Gari linamvuta nyuma. Lakini kwato zake zinaisukuma ardhi nyuma, na ardhi inamsukuma mbele. Ardhi ikimsukuma mbele kwa nguvu iliyoishinda nguvu ya gari, naye anaanza kwenda.

Basi siri iko kwenye kwato. Ndiyo maana punda mwenye nguvu akiwekwa kwenye tope hushindwa, na punda wa kawaida kwenye njia kavu huweza. Hata katika mchezo wa kuvuta kamba ni hivyo. Kamba inavuta pande zote mbili sawa. Wanaoshinda ni wale ambao miguu yao imeisukuma ardhi vizuri zaidi. Usimchape punda kabla hujaitazama njia.

KUTOKA PWANI HADI JUU ANGANI

Chukua puto la mtoto, ulipulize, kisha uliachie bila kulifunga. Linakimbia huku na huko. Puto linausukuma upepo wake nyuma, na upepo huo unalisukuma puto mbele.

Roketi ni hivyo hivyo. Inachoma mafuta na kuutupa moshi wa moto nyuma kwa mwendo mkali mno. Moshi unaisukuma roketi mbele.

Zamani hata watu waliosoma walikosea hapa. Mwaka 1920 gazeti la New York Times la Marekani lilimdhihaki mtaalamu wa roketi aliyeitwa Robert Goddard. Lilidai kwamba roketi haiwezi kwenda mahali pasipo na hewa, kwa kuwa hakuna kitu cha kusukuma. Gazeti lilisahau kwamba roketi haihitaji kusukuma hewa ya nje. Inausukuma moshi wake yenyewe. Mwezi wa Julai 1969, watu wakiwa safarini kwenda mwezini kwa roketi, gazeti hilo lilitoa masahihisho.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki tuliona roketi zikiruka kwetu. Karibu na Malindi, Kenya, Waitaliano walijenga jukwaa ndani ya bahari, nalo liliitwa San Marco. Roketi zilirushwa kutoka hapo tangu mwaka 1967 hadi mwaka 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi moja ilipeleka angani setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza nyota. Kwa heshima ya siku hiyo, setilaiti ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kanuni iliyoipeleka Uhuru angani ndiyo ile ile inayousogeza mtumbwi wa mvuvi wa Malindi. Mvuvi anasukuma maji. Roketi inasukuma moshi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Ukisukuma, unasukumwa. Ukivuta, unavutwa. Nguvu ni sawa, pande ni mbili.

2. Nguvu hizo mbili haziangukii kitu kimoja. Moja inakuangukia wewe, nyingine inakiangukia kitu unachokisukuma.

3. Kilicho chepesi hukimbia zaidi. Kilicho dhaifu huvunjika kwanza.

4. Kabla ya kusukuma au kuvuta kwa nguvu, jiulize: nguvu itakayorudi kwangu itanipeleka wapi? Miguu yangu imeshika nini?

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini mtu akipiga bunduki, kitako humgonga begani? Kwa nini risasi huenda mbali lakini bunduki hairuki mbali?

2. Kwa nini ni kazi kutembea kwenye mchanga mkavu wa pwani?

3. Kitazameni kisima cha kijiji chenu. Mtu anayeteka maji anavutwa upande gani? Ni kitu gani kinamzuia asianguke? Kama hakuna, mnaweza kutengeneza nini wenyewe, na nani ataanza?